Modeli mbele ya Ushahidi: Njia ya Umeme ya Pasifiki katika Tafiti za Uthabiti wa Gridi, 1970–1996

Sehemu hii inajadili namna usafirishaji wa umeme wa mkondo mnyoofu wenye volti kubwa ulivyowakilishwa katika tafiti za uthabiti wa gridi. Mfano unaochunguzwa ni njia ya Pasifiki nchini Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1970 kati ya kituo cha Celilo, Oregon, na kile cha Sylmar, karibu na Los Angeles. Njia hiyo ya kilomita 1,362 ilibuniwa kubeba megawati 1,440, sambamba na njia za mkondo geu.

Modeli iliyo sahili kuliko zote huichukulia njia ya aina hii kuwa mzigo usiobadilika upande mmoja na chanzo kisichobadilika upande wa pili. Wepesi wake wa kukokotoa unavutia. Hata hivyo, modeli hiyo huvificha vidhibiti vya vituo vya kubadili mkondo, navyo ndivyo vinavyoamua mwenendo wa njia pindi volti ya mkondo geu inaposhuka.

Uzoefu wa mwaka 1976 ulidhihirisha upungufu huo. Njia za mkondo geu zilikabiliwa na kuyumba kwa nguvu, takriban mara moja kila sekunde tatu. Wahandisi waliongeza kidhibiti kilichopandisha na kushusha nguvu ya mkondo mnyoofu ili kufifisha hali hiyo. Kwa sababu hiyo, kiwango kilichoruhusiwa kupita katika njia za mkondo geu kilipanda kutoka megawati 2,100 hadi 2,500. Kumbe mkondo mnyoofu haukuwa mzigo mkimya. Ulikuwa mshiriki katika uthabiti wenyewe.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja tarehe 10 Agosti 1996, wateja wapatao milioni 7.5 wa magharibi mwa Amerika Kaskazini walipokosa umeme. Tukio hilo lilipoigwa kwa modeli za kawaida, kompyuta ilionyesha gridi ikitulia. Vipimo halisi vilionyesha kinyume chake: kuyumba kuliongezeka hadi gridi ikagawanyika vipande vinne. Miongoni mwa vilivyohitaji kurekebishwa ili uigaji ulingane na vipimo ni modeli za mizigo, za vidhibiti mwendo vya mitambo, na ya njia ya mkondo mnyoofu.

Huenda ikadaiwa kwamba dawa ni kuongeza utondoti katika modeli. Dai hilo halitoshi, kwani utondoti usiopimwa kwa matukio huongeza imani bila kuongeza ukweli.

Suala hili linaigusa Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2022, njia ya mkondo mnyoofu yenye urefu wa kilomita 1,045 na uwezo wa megawati 2,000 inaunganisha Wolayta Sodo, Ethiopia, na Suswa, Kenya. Kwa kuzingatia historia iliyojadiliwa, tasnifu hii inashikilia kuwa kumbukumbu za vipimo vya kila hitilafu katika njia hiyo zinapaswa kuhifadhiwa na kulinganishwa na modeli zake mapema, kabla giza halijawa ndilo mtahini.