Tope la Tabora, Januari 1958

Januari ni mwezi wa mvua Tabora. Njia za udongo hulowa, na mtu anayetembea kwa miguu hufika nyumbani na tope kwenye pindo la suruali. Majira hayo, mwaka 1958, wajumbe wa chama cha TANU walikusanyika mjini hapo kwa mkutano mkuu wa mwaka. Walikuja na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki.

Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa imekubali hatimaye kuwa na uchaguzi Tanganyika, lakini uchaguzi wa namna yake. Kila jimbo la uchaguzi lingetoa wajumbe watatu wa Baraza la Kutunga Sheria: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Mpiga kura alilazimika kuchagua wote watatu. Akiacha nafasi moja wazi, karatasi yake inaharibika. Watu wakaiita kura tatu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu hawakuzidi sana 20,000, na bado mizani ilipangwa iwe sawa kwa sawa. Juu ya hayo, si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo kinachotambulika. Mkulima wa pamba aliyelipia kadi yake ya TANU kwa senti za jasho angekaa pembeni akitazama karani akipiga kura kwa niaba ya kijiji kizima.

Jibu lililokuwa midomoni mwa wengi lilikuwa moja: tususie. Ukweli ni kwamba, kama ningekuwa Tabora mwaka ule, nami ningesema hivyohivyo.

Mwalimu Julius Nyerere, rais wa chama, alikuwa amefikia uamuzi mwingine. Aliona kwamba TANU ikikaa nje, viti vitachukuliwa na United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za serikali, na dunia itaambiwa kwamba hao ndio sauti ya Tanganyika. Hesabu hiyo si ngumu. Ugumu ulikuwa kuipeleka mbele ya watu waliokwisha kudharauliwa mara nyingi, na kuwaambia waingie kwenye mchezo uliotungwa ili washindwe.

Hasira aliijua kwa ndani. Mwezi mmoja tu kabla, Desemba 1957, alikuwa amejiuzulu ujumbe wa Baraza la Kutunga Sheria baada ya miezi michache, kwa kuona kila alichopendekeza kinatupwa. Mapema mwaka huohuo serikali ilikuwa imempiga marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Hakuna mjumbe aliyeweza kusimama akamwambia, wewe hujui uchungu wetu. Kiongozi aliyekuwa anakunywa chai ikulu wiki iliyotangulia asingesikilizwa hata dakika tano.

Simulizi za Tanga zinaongeza jambo. Zinasema kabla ya kufika Tabora alipitia Tanga, akakaa faragha na viongozi wa TANU wa huko, akiwamo Abdallah Rashid Sembe, mtu aliyesifika kwa kuzungumza. Akawaeleza hofu yake na kuomba wamsaidie. Tunazoea kumkumbuka Nyerere jukwaani, mkono juu, umati ukicheka. Hapa tunamwona amekaa na wachache, akikiri kwamba peke yake hawezi.

Ukumbini mambo yalikuwa mazito. Wasemaji wa kususia walikuwa na hoja na walikuwa na moto, na kila walipokaa chini walipigiwa makofi. Nyerere aliposimama, inasimuliwa, hakuanza na sheria za uchaguzi wala takwimu za viti. Alianza na mtu aliyevaa kanzu nyeupe, au suti nyeupe, kutegemea nani anasimulia. Mtu huyo anataka kufika shambani kwake, na kati yake na shamba kuna tope. Akitaka nguo ibaki safi, abaki ng'ambo hii. Akilitaka shamba, aingie topeni, achafuke, na akifika atafua.

Huo ni mfano wa mwalimu wa shule, na Tabora ndiko alikosoma na ndiko alikofundisha baada ya Makerere. Kilichonivutia mimi ni kile ambacho mfano haukusema. Haukusema tope ni maji safi. Haukumwambia mtu kwamba kura tatu si tusi. Kila aliyekuwa na hasira aliikuta hasira yake imo ndani ya hadithi, imepewa jina lake halisi: uchafu. Kisha akaachiwa aamue mwenyewe kama shamba lina thamani ya kuchafuka. Siku hizi semina za uongozi huita kitu hiki akili ya hisia, na huuzwa pamoja na chakula cha mchana. Uamuzi uliofuata, wana-TANU wenyewe waliuita uamuzi wa busara, na jina hilo limebaki.

Tena hakuishia kwenye hadithi. Azimio la Tabora lilikuwa na meno: serikali ya madaraka isipopatikana mwaka 1959, chama kingechukua hatua nyingine, migomo ikiwamo. Wenye moto hawakuambiwa wauzime. Walipewa tarehe.

Kura zilipohesabiwa, 37 zilikubali kushiriki uchaguzi na 23 zilikataa. Idadi hiyo naiona ya kiungwana kuliko kauli moja, maana inaonyesha watu 23 walisikiliza na bado hawakushawishika. Mmoja wa waliokuwa upande huo, Zuberi Mtemvu, aliondoka akaunda African National Congress, chama cha Afrika kwa Waafrika.

Uamuzi huo ulitikiswa kabla ya uchaguzi wenyewe. Julai 1958 Nyerere alifikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, katika gazeti la Sauti ya TANU. Agosti alitiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotaka aende jela, maana shujaa aliyefungwa huwasha nchi. Shilingi 3,000 ni pauni 150, kiasi kilekile cha kipato cha mwaka kilichoweza kumfanya mtu atambulike kuwa mpiga kura. Alilipa, akarudi kwenye kampeni.

Septemba, na tena Februari 1959, wapiga kura waliingia vibandani. TANU ilikuwa imewaunga mkono wagombea wa Kiasia na wa Kizungu pia, wakiwamo Sophia Mustafa wa Arusha na mkulima Derek Bryceson, na upande wake ukashinda. United Tanganyika Party ilishindwa vibaya. Mtu aliweka alama kwa Mwafrika, akaweka kwa Mwasia, kisha akaweka ile ya tatu, ambayo Januari 1958 wenzake walikuwa wameapa Tabora kwamba haitawekwa.