Krili wa Antaktika: namna gani wanahesabu chakula cha nyangumi na pengwini

Kusini kabisa mwa dunia, kwenye bahari inayozunguka bara la barafu la Antaktika, kunaishi mnyama mdogo anayeitwa krili. Ni ndugu wa krevete, wale kamba wadogo wa bahari. Urefu wake ni kama sentimita 6, uzito wake gramu 2 hivi. Lakini nyangumi, pengwini, sili na samaki wengi wa kule wanaishi juu yake. Meli kubwa nazo zinamuvua: anasagwa kuwa unga wa kulisha samaki wanaofugwa, ao anakamuliwa mafuta yanayouzwa ndani ya vidonge.

Kwa hiyo kuko ulizo ambalo muvuvi wa ziwa lolote analijua: mutu anaweza kuvua mupaka wapi bila kumaliza? Kule Antaktika ulizo hilo ni gumu kidogo zaidi. Haitoshe krili abakie wa kuzaa tu. Anapaswa kubakia pia wa kuliwa, juu wanyama wengi wa pale hawana chakula kingine cha kukimbilia.

Hasara iliyokuja kwanza

Bahari hiyo iliporwa mara nyingi mbele ya mutu yeyote kuhesabu. Sili wenye manyoya waliuawa juu ya ngozi zao mupaka wakakaribia kwisha kabisa kwenye visiwa kama South Georgia. Kisha zamu ikafika kwa nyangumi. Kisha samaki: katika msimu wa 1969 hadi 1970, meli za Umoja wa Kisovieti zilitoa karibu tani 400,000 za samaki wa aina moja tu pembeni ya South Georgia. Msimu mbili tatu nyuma, samaki huyo alikuwa ameporomoka, na hata makumi ya miaka kisha hapo hakurudia hali yake ya zamani.

Wakati meli zilipoanza kugeukia krili, inchi mbalimbali ziliogopa kwamba sasa watu wanagusa musingi wa nyumba nzima. Tarehe 20 Mei 1980, kule Canberra, Australia, mapatano ya kulinda viumbe vya bahari ya Antaktika yalitiwa sahihi. Yalianza kutumika tarehe 7 Aprili 1982. Tume inayoyasimamia inajulikana kwa herufi CCAMLR na makao yake yako Hobart, muji wa Tasmania, Australia. Inasimamia bahari yenye karibu kilometa za mraba milioni 36, ni kusema kama Congo yetu mara 15. Kati ya wanachama wake 27 kuko Ubelgiji, Ufaransa, China, Urusi na Marekani, na kwa upande wa Afrika kuko Afrika ya Kusini na Namibia.

Kuhesabu kitu kisichoonekana

Krili wanatembea kwa makundi makubwa chini ya maji, hakuna mutu anayeweza kuwahesabu kwa macho. Meli ya utafiti inatuma sauti chini, sauti inagonga kundi na kurudi, na mashini inapima nguvu ya ule mwangwi. Pale pale wavu unashushwa ili kuhakikisha kama kilichosikika ni krili kweli, na wenye urefu gani. Njia hiyo haiko ngeni kwetu: vyombo vya sauti vilitumiwa pia kupima ndagala wa Ziwa Tanganyika na sambaza wa Ziwa Kivu.

Mwaka 2000, meli za Urusi, Japani, Uingereza na Marekani zilipima hivyo eneo kubwa la Atlantiki ya kusini. Hesabu, kisha kusahihishwa, ilitoa tani milioni 60 hivi za krili. Mwaka 2019 zoezi lilirudiwa na inchi zingine, hata meli za uvuvi zilisaidia, na jibu likawa tani milioni 62.6.

Mutu anaweza kusema: basi ni wengi, wavue! Hapa ndipo kanuni ya CCAMLR inatofautiana na kanuni nyingi za uvuvi. Kwa samaki asiyeliwa sana na wengine, tume inakubali kundi lishuke mupaka nusu ya ukubwa wake wa asili. Kwa krili haikubali. Hesabu inafanywa kwa miaka 20 mbele, na mwishoni kundi linapaswa kubakia na robo tatu, asilimia 75, kwa ajili ya wale wanaomula. Nyangumi na pengwini wamewekewa fungu lao ndani ya hesabu, kitu ambacho haionekani mara nyingi.

Pengwini nao wanatoa habari. Tangu miaka ya 1980 tume iko na programu ambamo watafiti wanarudi kila mwaka kwenye viota vilevile. Wanahesabu ndege wangapi wamekuja kutaga, wazazi wanakawia muda gani baharini kutafuta chakula, na watoto wako na kilo ngapi siku wanaondoka. Kama mama anakawia sana na mutoto ni mwepesi, krili amepunguka karibu na pale, hata kama katika bahari nzima angali mwingi.

Samaki wa bei na ndege waliokufa bure

Krili haiko peke yake. Kuko samaki mukubwa wa chini sana, kwa Kifaransa anaitwa lejini, anayeweza kupita metre mbili na kuishi miaka 50. Anavuliwa kwa kamba ndefu zenye maelfu ya ndoana. Kwa kujua wako wangapi, meli zinalazimika kuwawekea baadhi yao alama na kuwarudisha majini wakiwa hai. Meli ingine ikivua wenye alama wengi, ni kusema kundi ni dogo. Umri wao unasomwa kwenye kijiwe cha ndani ya sikio, chenye mistari kama ya muti uliokatwa. Kila meli inabeba mwangalizi wa kisayansi.

Kazi ya waangalizi hao ilifunua jambo ambalo hakuna aliyelipenda. Mwaka 1997, pembeni ya South Georgia, zaidi ya ndege 5,000, kati yao albatrosi, walikufa kwa kumeza chambo na kuvutwa chini na ndoana. Dawa ilikuwa ya kawaida kabisa: kushusha kamba usiku, kuiongezea uzito izame mbio, kutundika mikanda ya kutisha ndege, na kufunga uvuvi wakati ndege wanalea watoto. Katika miaka kumi vifo pale vilishuka karibu na sifuri.

Wezi ni shida ingine. Meli moja iliyoitwa Thunder ilikuwa inavua lejini bila ruhusa. Kuanzia Desemba 2014 meli za shirika la Sea Shepherd ziliifuata kwa siku 110, toka barafu mupaka Ghuba ya Gine, na tarehe 6 Aprili 2015 ikazama ndani ya maji ya São Tomé. Kapiteni na wakubwa wawili wa meli walihukumiwa pale pale São Tomé, muji mukuu wa inchi jirani ya mwambao wa Afrika ya Kati.

Pale sayansi inaishia

Ndani ya CCAMLR hakuna kupiga kura na wengi kushinda. Kila mwanachama anapaswa kukubali, ao neno linabakia mezani. Kwa namna hiyo walifikia mwaka 2016 kuunda hifadhi ya Bahari ya Ross, yenye kilometa za mraba milioni 1.55, iliyoanza tarehe 1 Desemba 2017. Mapendekezo mengine ya hifadhi yamekaa miaka mingi bila jibu, sana sana juu ya Urusi na China.

Kwa krili, shida haiko tena kiasi cha jumla. Kikomo cha sasa katika Atlantiki ya kusini ni tani 620,000 kwa mwaka, karibu asilimia moja ya wale waliopimwa. Lakini meli zinapenda kukusanyika penye makundi manono, karibu na Rasi ya Antaktika, palepale pengwini na nyangumi wanakula, na ambapo joto linapunguza barafu inayolisha krili wachanga. Ndiyo maana kikomo kilikuwa kimegawanywa kwa maeneo. Eneo la Rasi halikupaswa kupita tani 155,000. Mugawanyo huo ulimaliza muda wake mwaka 2024, wanachama hawakuelewana kuurudisha. Msimu uliofuata, mwaka 2025, tani 620,000 zilifikiwa kwa mara ya kwanza, na uvuvi ukafungwa miezi karibu mine mbele ya msimu kwisha. Kila Oktoba wanachama wanarudi Hobart, na ulizo la mugawanyo lingali kwenye meza.