Tairi la trela ya boti

Tairi la trela ya boti ni tairi linalofungwa kwenye trela (pia huitwa tela) ya kubebea boti barabarani na kuishusha majini. Kwa umbo hufanana na tairi la gari dogo, lakini kazi yake si ile ile. Halizungushwi na injini wala haliongozwi na usukani. Hubeba mzigo tu, mara nyingi karibu na kikomo cha uwezo wake, kisha husimama mahali pamoja kwa wiki au miezi. Ndiyo sababu matairi mengi ya aina hii hayaishi kwa kulika uso kama ya gari, bali huharibika kwa umri, jua na joto. Tairi lenye mifereji mirefu kama jipya laweza kupasuka njiani, na boti ikapinduka pamoja na trela yake.

Alama za ubavuni

Nchini Marekani, ambako trela za boti ni nyingi sana, matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya trela huandikwa herufi ST mwanzoni mwa kipimo. Mfano ni ST205/75R14. Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 75 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 75 ya upana huo, yaani milimita 154 hivi. R ni radiali. Na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la ST lina ubavu mgumu kuliko la gari dogo, ili trela yenye mzigo mrefu na wa juu isiyumbe.

Tairi la gari dogo (alama P) si marufuku kwenye trela, ila kanuni za Marekani hutaka uwezo wake ulioandikwa ugawanywe kwa 1.1 kwanza. Kwa hiyo tairi la kilo 800 huhesabiwa kuwa la kilo 727 tu. Wenye trela wengi huisahau hesabu hii wanapofunga matairi yaliyobaki ya gari lao.

Baada ya kipimo hufuata daraja la mzigo: C, D au E. Kwa kawaida daraja C hujazwa upepo hadi PSI 50 (paundi kwa inchi ya mraba), D hadi 65, na E hadi 80. Kipimo kile kile cha ST205/75R14 hubeba kilo 798 (ratili 1,760) kikiwa daraja C, na kilo 925 (ratili 2,040) kikiwa daraja D.

Kuhesabu mzigo

Kosa la kawaida ni kuhesabu uzito wa boti tupu kama ulivyo kwenye karatasi ya muuzaji. Kinachobebwa na matairi ni boti, injini, mafuta, betri, nanga, vyombo vyote vilivyomo, pamoja na trela yenyewe.

Tuchukue boti ya kilo 900 yenye injini ya kilo 220. Lita 100 za petroli zina uzito wa kilo 75 hivi. Betri, nanga, kamba na majaketi ya kuokolea ni kilo 105, na trela ni kilo 350. Jumla ni kilo 1,650. Ikiwa trela ina ekseli moja na matairi mawili ya daraja C, uwezo wa matairi ni kilo 1,596, yaani hautoshi. Ni kweli kwamba sehemu ya uzito, tuseme moja ya kumi, huegemea gari linalovuta. Ekseli basi hubaki na kilo 1,485. Lakini akiba iliyobaki ni kilo 111 tu, na maji yaliyotuama ndani ya boti baada ya mvua yanaweza kuimaliza, maana kila lita ni kilo moja. Matairi mawili ya daraja D hubeba kilo 1,850, na hapo akiba inaridhisha.

Hata hivyo tairi lenye nguvu zaidi haliongezi uwezo wa ekseli, springi wala breki. Kikomo cha trela ni kile kilichoandikwa kwenye kibati chake. Rimu nayo ina kikomo: rimu ya PSI 50 haifai kwa tairi linalojazwa 65. Njia ya uhakika ni kuipeleka trela kwenye mizani ikiwa imebeba kila kitu.

Radiali na nyuzi mshazari

Katika tairi la radiali nyuzi za ndani huvuka moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo; katika lile la zamani nyuzi hupishana kwa mshazari. Radiali hupata joto kidogo na hufaa kwa safari ndefu. La mshazari lina ubavu mgumu, bei yake ni nafuu, na linatosha kwa trela inayotoka nyumbani hadi ufukwe ulio karibu. Aina hizi mbili hazichanganywi kwenye ekseli moja. Uingereza jambo hilo ni kosa kisheria.

Upepo na joto

Upepo pungufu ndio adui mkubwa kuliko wote. Ubavu hukunjwa na kukunjuka kila tairi linapozunguka, mpira hupata joto, na mwishowe tabaka zake huachana. Kwa hiyo watengenezaji wa matairi ya trela kwa kawaida hushauri kujaza hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, tofauti na gari dogo. Kipimo huchukuliwa asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa la baridi. Upepo ukionekana kuongezeka njiani kwa sababu ya joto, usipunguzwe.

Ukubwa wa gurudumu una neno pia. Tairi dogo la 4.80-8 lina kipenyo cha sentimita 42 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa huzunguka zaidi ya mara 1,100 kwa dakika, wakati tairi la kawaida la gari linalolivuta huzunguka mara 750 hivi. Matairi mengi ya ST yasiyo na alama ya mwendo yalikusudiwa yasizidi maili 65 kwa saa (kilomita 105). Alama L huruhusu kilomita 120, na M kilomita 130.

Umri

Tarehe ya kutengenezwa husomwa kwenye namba ya DOT ubavuni. Tangu mwaka 2000 tarakimu nne za mwisho huonyesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu tu ni la kabla ya 2000 na halifai barabarani, hata kama halijatumika. Ujerumani, trela inayoruhusiwa kwenda kilomita 100 kwa saa lazima iwe na matairi yasiyofikisha miaka 6. Nyufa ndogo ubavuni na uvimbe wowote ni dalili za kulitoa mara moja.

Trela inayosimama muda mrefu ifunikwe matairi yake kuzuia jua. Ni vizuri pia kuiinua kwa jeki na kuiweka juu ya magogo, ili matairi yasielemewe sehemu moja.

Maji na beringi

Tairi zima halisaidii kitu ikiwa beringi imekufa. Baada ya safari kitovu cha gurudumu huwa cha moto. Kikitumbukizwa majini ghafla, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupita kwenye sili. Grisi huharibika na beringi hushika kutu. Heri kusubiri kitovu kipoe kabla ya kushusha boti. Baada ya maji ya chumvi, magurudumu, nati na breki husuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Namna tairi linavyolika hueleza kasoro. Kulika kingo zote mbili ni upepo pungufu. Kulika katikati ni upepo uliozidi. Kulika upande mmoja mara nyingi ni ekseli iliyopinda. Kwenye trela ya ekseli mbili, tairi moja likipasuka, jirani yake wa upande ule hubeba mzigo wa wote wawili hadi gari lisimame, kwa hiyo nalo hukaguliwa au hubadilishwa.

Tairi la akiba huzeeka kama mengine na hupimwa upepo pamoja nayo. Jeki ya gari na spana yake mara nyingi haviingii kwenye trela, jambo linalofaa kujaribiwa nyumbani. Nati za gurudumu lililofungwa upya hukazwa tena baada ya kilomita 80 hivi.