Hesabu na Nyota Yenye Mkia

Msomaji, darasani wewe hupewa mlinganyo ukiwa tayari, ukaambiwa utie tarakimu na kutoa jibu. Kwa hiyo ni rahisi kudhani ya kuwa milinganyo iliwashukia wataalamu wa fizikia kama ndoto. Sivyo hata kidogo. Kila mlinganyo huzaliwa kwa kutazama vitu kwa makini na kukataa kujidanganya. Tena, ukiisha kupatikana, kuutatua ni kazi nyingine, pengine ngumu kupita ya kwanza. Habari ifuatayo itakuonyesha kazi hizo mbili.

Mwaka wa 1600 Johannes Kepler, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alikwenda karibu na mji wa Prague kufanya kazi pamoja na Tycho Brahe. Tycho alikuwa ametumia miaka mingi kupima mahali pa nyota na sayari kwa macho yake, bila darubini. Alipofariki mwaka wa 1601, vipimo vyake vilimfikia Kepler, naye akavitumia kutafuta njia ya sayari ya Mirihi. Wakati ule wenye elimu waliamini ya kuwa mwendo wa mbinguni lazima uwe wa duara. Kepler naye akaanza na duara, na baada ya taabu nyingi akapata hesabu iliyotofautiana na vipimo kwa dakika 8 tu. Dakika hizo si za saa: digrii moja ya pembe ina dakika 60, na mwezi mpevu huonekana una upana wa dakika kama 30.

Mwingine angalisema kwamba tofauti hiyo ni ndogo, tuiache. Lakini Kepler alijua ya kuwa Tycho hakuwa mpimaji wa kukosea kiasi hicho. Basi akaiacha hesabu yake, akaanza upya. Mwaka wa 1609 alitangaza kwamba Mirihi hupita katika njia ya duaradufu, na jua halikai katikati yake bali kando. Na sayari inapolikaribia jua huenda mbio, inapokuwa mbali huenda polepole.

Njia ilijulikana, sababu haikujulikana. Mwezi wa Agosti 1684, Edmond Halley alimwendea Isaac Newton huko Cambridge, akamwuliza: ikiwa umbali ukizidi mara mbili mvuto wa jua hupungua ukawa robo, na ukizidi mara tatu huwa sehemu moja ya tisa, sayari itapita njia gani? Newton akajibu kwamba ni duaradufu, naye amekwisha kuihesabu. Katika mazungumzo hayo kilianza kitabu chake kiitwacho Principia, kilichopigwa chapa mwaka wa 1687 kwa gharama ya Halley.

Halley akaigeukia nyota yenye mkia, ambayo watu waliihofu kuwa ishara ya vita na maafa. Aliona ya kuwa nyota za mwaka 1531, 1607 na 1682 zilipita njia moja, akakata shauri kwamba ni nyota ile ile. Mwaka wa 1705 alitangaza kuwa itarudi mnamo mwaka wa 1758. Akafariki mwaka wa 1742, ahadi yake ikingali mbele.

Lakini nyota hiyo haikushika muda ulio sawa, kwa maana Mshtarii na Zohali pia huivuta. Vitu viwili vikivutana, mlinganyo wa Newton hutatuliwa kwa kanuni moja safi. Vikiwa vitatu, kanuni ya namna hiyo haipatikani. Basi mwaka wa 1758 huko Paris, Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na bibi mmoja hodari wa hesabu, Nicole-Reine Lepaute, waliigawa njia ya nyota vipande vipande, wakahesabu mvuto kwa kila kipande. Haba na haba hujaza kibaba. Walifanya haraka, kwani nyota ikitokea kwanza, nani angeamini utabiri uliotolewa baadaye? Mwezi wa Novemba Clairaut alitangaza kwamba itakuwa karibu kabisa na jua katikati ya Aprili 1759, pengine kwa kosa la mwezi mmoja. Usiku wa tarehe 25 Desemba 1758, Johann Georg Palitzsch, mkulima wa karibu na Dresden, aliiona. Ikalikaribia jua tarehe 13 Machi 1759.

Kosa la mwezi mmoja halikuwa aibu, maana lilikuwa limetajwa mapema. Tena sayari za Uranusi na Neptuni, ambazo nazo huvuta, zilikuwa hazijagunduliwa.

Nawe, msomaji, kipimo chako cha maabara kisipolingana na kitabu, usikibadili kwa siri ili upate alama. Pima tena. Kikikaa vile vile, kiandike kama kilivyo, na utafute sababu. Kama Kepler angalizifuta zile dakika 8, Newton angalikosa msingi wa kujengea.

Nyota ya Halley ilionekana tena mwaka wa 1986, na hesabu zaonyesha itarudi mwaka wa 2061. Siku hizi kompyuta hufanya kazi ya Lepaute na wenzake, ila mlinganyo ni ule ule. Mungu akikujalia umri, toka nje uitazame.