Njoroge Hakufika Chuo

Weep Not, Child ilichapishwa mwaka 1964, miezi michache tu baada ya uhuru, na jina la mwandishi kwenye jalada lilikuwa James Ngugi. Ukiisoma ukiwa na miaka kumi na sita, unamfuata Njoroge na vitabu vyake. Ukiirudia ukiwa mtu mzima wa kulipa kodi ya nyumba, macho yanahamia kwa wakubwa. Nyokabi anamwambia mwanawe kuwa ataenda shule, na hapo hapo anamwonya kwamba kwao ni maskini, chakula cha mchana hatakipata kama watoto wengine. Kamau, ndugu yake, anabaki kwa fundi seremala. Yaani nyumba nzima imeweka dau kwa mtoto mmoja.

Dau hilo lilikuwa na historia. Baada ya mvutano wa Wakikuyu na misheni kuhusu tohara ya wasichana mwaka 1929, watu walijijengea shule zao wenyewe, kwa michango yao. Mwaka 1939 chuo cha walimu kikaanzishwa Githunguri. Halafu Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring akatangaza Hali ya Hatari. Shule hizo zikafungwa, na Githunguri, pahali pa kufunzia walimu, pakageuzwa pa kunyongea watu. Katika miaka ile serikali ya kikoloni ilinyonga Waafrika zaidi ya 1,000. Jameni, chuo! Kwa hivyo wale wanaomwona Njoroge mnyonge kwa kuiabudu elimu, sikubaliani nao. Alikuwa anashika kitu ambacho wazazi walikijenga kwa senti zao na serikali ikakibomoa.

Ngũgĩ mwenyewe aliingia Alliance mwaka 1955. Aliporudi likizo ya kwanza alikuta kijiji chao hakipo, watu wamehamishwa kwenye kijiji cha kulindwa. Yeye aliendelea hadi Makerere, na huko ndiko alikoiandika riwaya hii. Njoroge wake hakumpa bahati hiyo. Anatolewa Siriana na polisi, anateswa. Ngotho, baba aliyefanya kazi ya kijungu jiko kwa Howlands kwenye ardhi ya babu zake, anakiri mauaji ambayo hakufanya ili amwokoe Kamau, na anakufa kwa majeraha ya mateso.

Kwangu mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, kurasa ngumu zaidi si za mateso. Ni zile za Njoroge kuajiriwa duka la Mhindi, akafutwa hata huko. Hakuna bunduki pale, ni kijana tu aliyeahidiwa kesho na kesho haikuja.

Mwishoni anachukua kamba. Mama yake anamtafuta gizani, anamwita, na anaitika. Wanarudi pamoja, kafyu inakaribia, na wakiwa karibu na nyumbani anakimbia mbele kuwafungulia mama zake wawili mlango.