Kunuka na Kunukia: Historia ya Harufu za Nyumbani katika Ufuko wa Ziwa Viktoria

Katika Kiswahili sanifu, silabi moja hutenganisha karaha na raha. Samaki aliyelala hunuka, asumini hunukia. Kiambishi cha kutendea, ambacho kwa kawaida humwonyesha anayetendewa, hapa kimegeuza maana ya kitenzi kutoka ubaya hadi uzuri. Hata hivyo, nomino manukato, yenye mzizi uleule, haina ubaya wowote. Hili ladokeza kwamba mzizi huo wa Kibantu, ambao katika Kikuyu una umbo la nunga, ulitaja harufu tu kabla matumizi hayajaubagua.

Kitenzi ni cha Kibantu, lakini vitu vinavyonukia vina majina ya ng'ambo. Udi, ubani, marashi, kafuri, karafuu na rehani ni maneno yaliyopitia Kiarabu, na bidhaa zenyewe zilisafiri kwa jahazi. Udi ni mti wa misitu ya Asia ya Kusini Mashariki. Ubani ni utomvu wa miti ya Dhofari na Somalia. Watu wa pwani waliunda utaratibu kamili: chetezo chenye kaa la moto, nguo zinazofukizwa, na vikuba vya asumini, mkadi na rehani. Katika utaratibu huo harufu huvaliwa na hufukizwa.

Njia za misafara ziliunganisha pwani hiyo na ziwa. Stanley, alipokuwa Tabora mwaka 1871, aliona michungwa na milimau iliyopandwa na Waarabu. Kabla yake, tarehe 3 Agosti 1858, Speke alikuwa amefika Mwanza akifuata habari za wafanyabiashara wa mji huohuo, ulioitwa Kazeh. Stanley naye alipofika Kageyi, mashariki ya Mwanza, Februari 1875, alimkuta mfanyabiashara Songoro ameshatia makazi. Reli ilipoingia Mwanza mwaka 1928, bidhaa za dukani ziliongezeka, na neno udi likapanuka: leo watu wengi wa bara hulitumia pia kwa vijiti vya kufukiza vya asili ya Kihindi visivyo na udi wowote ndani yake.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba ufuko wa ziwa ulingoja misafara ili unukie. Buganda hutandika sakafuni nyasi za jamii ya mchaichai ziitwazo etteete. Desturi hiyo imehifadhiwa katika makaburi ya wafalme ya Kasubi, ambako nyumba kuu, iliyoungua Machi 2010 na kujengwa upya, hutandikwa nyasi na mikeka. Wahaya nao walitandika nyasi ndani ya nyumba zao za msonge. Huko Ankole, Wahima hufukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa nyasi. Katika kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulithibitisha kwamba mimea ya jamii ya kivumbasi, ambayo wenyeji huichoma jioni, hupunguza mbu ndani ya nyumba. Hapa harufu hukanyagwa, huhifadhi na hulinda. Mpaka kati ya pwani na ziwa si wa kukatwa kwa kisu, kwani ubani wa pwani nao hufukuza mabaya. Lakini uzito umewekwa mahali tofauti.

Mwanza ni mahali ambapo taratibu hizi mbili zimekutana juu ya tatizo moja, nalo ni shombo. Katika mji wa sangara, sato na dagaa, jiko lina dawa mbili zinazofanana kwa macho lakini si kwa kazi. Shombo hutokana na kemikali ziitwazo amini. Asidi ya ndimu huzigeuza kuwa chumvi zisizopaa hewani. Maganda ya limau yakichemshwa pamoja na karafuu na mchaichai hutoa mvuke wenye mafuta yanukiayo, ambao hufunika tu. Mama anayesugua ubao wa kukatia samaki kwa ndimu anaiondoa shombo. Anayechemsha maganda anaisitiri. Karafuu ya Unguja na nyasi za ziwani hukutana katika sufuria moja.

Katika lugha, mkutano huo haujawa wa haki. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini ilichapishwa mwaka 1980 tu, baada ya yeye mwenyewe kuitafsiri kwa Kiswahili. Kazi hiyo yathibitisha kwamba maisha ya ziwani yanatamkika kwa Kiswahili, mradi ajue kuyasema yule aliyeyaishi. Msamiati wa harufu bado unangoja mtu wa namna hiyo. Neno mchaichai lautaja mmea kwa kikombe cha chai. Anayelijua neno hilo peke yake hana njia ya kukumbuka kwamba nyasi za ukoo huo zilitandikwa chini ya miguu ya wafalme. Mwanafunzi wa leksikografia atakayekaa na wazee wa Ukerewe, Sengerema na Bukoba, akaandika majina ya mimea pamoja na kazi zake, atakuwa ameokoa historia ambayo kopo la marashi ya dukani haliwezi kuisimulia.