Aliyeandikwa Ndiye Aliyelipwa: Fidia ya Ajali Kazini Kutoka Ndara Hadi Voi

Kusini mwa mji wa Voi kuna kilima cha Sagalla, ambacho misafara ya karne ya 19 ilikijua kwa jina la Ndara. Mpagazi aliyetoka pwani alikifikia akiwa amevuka nyika ya Taru, kiu imemkausha na mzigo umemchubua mabega. Hapo alipata maji na chakula kabla ya kuelekea Taveta na Kilimanjaro. Mwaka 1883 mmisionari J. A. Wray alianzisha kituo cha shirika la kimisionari la CMS juu ya kilima hicho, na mwaka huohuo mpelelezi Joseph Thomson alipita na msafara wake kuelekea Umasaini.

Wapagazi wa misafara ya aina hiyo waliandikwa kazi kwa mwezi, wakapewa malipo ya awali, na majina yao yakaingizwa kwenye orodha ya kiongozi wa msafara. Aliyevunjika mguu au kuishiwa nguvu aliachwa kijijini, mzigo wake ukagawiwa wenzake. Ujira ulikuwa wa safari na mzigo. Mwili uliobeba mzigo huo haukuwa na bei katika mapatano.

Tangu wakati huo ukanda huu haujakosa kazi ya serikali: reli, vita, barabara, hifadhi ya wanyama, hospitali na shule. Kila kazi imekuwa na majeruhi wake, na kila kizazi kimelijibu kwa namna yake swali la nani amlipe mtu aliyeumia. Ukizifuata njia hizo zote unakuta sharti moja ambalo halijabadilika: aliyeandikwa ndiye aliyelipwa.

Mkataba na simba

Reli ya Uganda ilikuwa mali ya serikali ya Uingereza, na waliotandika mataruma yake walikuwa, kwa lugha ya leo, watumishi wa umma. Kutoka India waliletwa wafanyakazi 31,983. Kibarua wa kawaida alitia saini mkataba wa miaka mitatu kwa mshahara wa msingi wa rupia 15 kwa mwezi, pamoja na posho ya chakula, matibabu na nauli ya kurudi kwao. Kazi ilipokwisha, hesabu ilionyesha kwamba 16,312 walirudi baada ya kumaliza mkataba, 6,724 walibaki Afrika Mashariki, 6,454 walirudishwa wakiwa wagonjwa au walemavu, na 2,493 walikufa. Yaani zaidi ya robo ya walioletwa ama walikufa ama walirudi na afya iliyoharibika. Malaria, kuhara, vidonda na ajali za kazi viliua wengi kuliko simba, ila simba ndio waliovuma.

Reli ilikuwa imeshapita Voi na kufika mto Tsavo Machi 1898, J. H. Patterson alipowasili kusimamia ujenzi wa daraja. Katika kitabu chake cha 1907 anasimulia usiku ambao simba alivamia kambi ya hospitali. Msaidizi wa daktari alinusurika baada ya sanduku la chupa kuanguka kwa kishindo kilichomshtua mnyama. Simba akarukia hema jingine walimolala wagonjwa, akawajeruhi vibaya wawili, na wa tatu akamburuta kupitia ua wa miiba. Daktari aliamua kuihamishia hospitali karibu na kambi kuu, lakini usiku uliofuata simba alimfuata hukohuko mchota maji. Mtu aliyelazwa kwa sababu ya kazi aliuawa akiwa kitandani, chini ya uangalizi wa mwajiri wake.

Tarehe 1 Desemba 1898 wafanyakazi walichoka. Treni iliyokuwa ikielekea pwani ilipokaribia, walijilaza kwenye reli mpaka ikasimama, wakapakia vitu vyao na kuondoka. Walimwambia Patterson kwamba mkataba uliowatoa India ulikuwa wa kuifanyia serikali kazi, si wa kuwa chakula cha simba. Ujenzi wa daraja ulilala kwa takriban wiki tatu. Patterson aliua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya uwindaji. Kwa mwanahistoria wa kazi, kinachovutia zaidi ni ile hoja ya wafanyakazi. Walikuwa na karatasi, wakaitumia kudai kwamba kuna hatari ambazo hazimo katika kazi waliyokubali. Mwaka huohuo, tarehe 1 Julai, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilianza kutumika Uingereza, na wafanyakazi wa reli walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukingwa. Mfanyakazi akifa kazini, familia iliyomtegemea ililipwa mshahara wake wa miaka mitatu au pauni 150, kiasi chochote kilicho kikubwa, bila kupita pauni 300. Rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Kwa kipimo cha Uingereza, kibarua aliyeuawa Tsavo angeacha angalau mshahara wa miezi 150. Sheria hiyo haikuvuka bahari.

Je, walikufa wangapi kwa simba? Takwimu ya Patterson katika kitabu chake ni Wahindi 28. Baadaye alitaja watu 135, na utafiti wa kisayansi wa mwaka 2009 uliokagua mifupa na manyoya ya simba hao, yaliyohifadhiwa Chicago, ulikadiria kama 35. Tofauti hiyo ina chanzo ambacho Patterson mwenyewe anakitaja kwa kupita: Waafrika waliouawa hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Wahindi 28 walihesabika kwa sababu kila mmoja alikuwa na mkataba ofisini. Mwafrika aliyekata miti au kubeba mawe kando yao alikufa nje ya daftari.

Vita ya wabeba mizigo

Kosa hilo lilirudiwa kwa kiwango cha kutisha katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na Voi ikageuka kuwa mlango wa vita. Mwaka 1915 Waingereza walianza kutandika reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi, ikafika Maktau kabla ya kusukumwa hadi Taveta mwaka uliofuata. Mapigano ya Mbuyuni Julai 1915, ya Salaita Februari 1916, na ya Latema na Reata mwezi uliofuata yote yalilishwa na njia hiyo. Pale reli ilipoishia, mgongo wa binadamu ulianza kazi.

Sheria ya mwaka 1915 iliiruhusu serikali kuwachukua wanaume kwa lazima kuwa wabeba mizigo. Chini ya Oscar Watkins, jeshi la wapagazi lilikusanya watu kutoka karibu kila wilaya. Walilishwa unga usioiva vizuri, wakatembea peku kwenye mvua na baridi wasiyoizoea, na kuhara kukawamaliza kuliko risasi. Hesabu rasmi ilitaja vifo vya wabeba mizigo zaidi ya 40,000. Mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyelichunguza jeshi hilo kwa miaka mingi, aliona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi ya hiyo.

Watu hawa walikuwa na nambari na mshahara. Lakini majina yaliandikwa na makarani wasiojua lugha zao, kijiji kikakosewa, jina la baba likaachwa. Vita ilipokwisha, mishahara ya maelfu ya marehemu ilibaki bila mwenyewe kwa sababu ndugu hawakupatikana. Utawala wa kikoloni na Hazina ya London viliandikiana barua kuhusu fedha hizo kwa miaka, na familia nyingi hazikuona hata senti. Ikiwa ujira uliokwisha kufanyiwa kazi ulipotea hivyo, fidia ya mguu uliokatwa ingetoka wapi?

Makaburi ya Voi, Maktau na Taveta yanatunzwa vizuri hadi leo, na askari wengi waliolala humo wana mawe yenye majina yao. Wabeba mizigo walipewa sanamu za pamoja katika Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, bila jina hata moja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri rasmi kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika vita hiyo, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kutoka kipande hadi sheria

Baada ya vita serikali ilijua sana kuandika majina, ila kwa sababu zake. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alivaa kipande, yaani cheti cha usajili, shingoni ili anayetoroka kazi akamatwe. Kipande kilionyesha mwajiri wake ni nani na amelipwa kiasi gani. Hakikumpa haki yoyote pindi mashine ya mkonge ilipomkata vidole au behewa lilipombana.

Mabadiliko yalikuja kwa shinikizo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa fidia za ajali kazini mwaka 1925, na vyama vya wafanyakazi vikaanza kupata sauti. Januari 1947 mgomo mkuu ulisimamisha bandari na reli Mombasa. Katika miaka hiyo ya 1940 Kenya ilipata sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi, nusu karne baada ya Uingereza. Baadaye iliwekwa kwenye vitabu kama Sura ya 236 na ikatumika hadi karne ya 21. Ilimlipa mfanyakazi kwa jedwali la majeraha, na ilimwachia pia mlango wa kwenda mahakamani kudai zaidi kama mwajiri alizembea. Mtumishi wa serikali mwenye pensheni alikuwa na njia ya ziada: Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, inawatambua walioumia wakitekeleza wajibu na wategemezi wa waliouawa kazini.

Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria mpya ya mafao ya ajali kazini, ambayo Wakenya wote huiita WIBA. Ilihamisha madai kutoka mahakamani hadi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na mwajiri akawa analipa hata kama hakuna aliyezembea. Chama cha Mawakili kilipinga. Mahakama Kuu ilifuta vifungu kadhaa mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala kwa kukubaliana na Mahakama ya Rufaa. Kwa miaka kumi majeruhi hakujua aende dirisha lipi.

Voi ya leo

Waajiri wa umma wamejaa Voi: makao makuu ya Hifadhi ya Tsavo Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, stesheni ya reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017, Hospitali ya Rufaa ya Moi, shule, polisi na idara za kaunti. Askari wa wanyamapori hukabili nyati na majangili. Dereva wa serikali yuko usiku kwenye barabara ya Mombasa yenye malori. Muuguzi hujidunga sindano iliyotoka kwa mgonjwa, na ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI.

Kwa wote hao utaratibu ni mmoja. Aliyeumia humjulisha mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi. Daktari hupima ulemavu kwa asilimia. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mshahara wa miezi 96, na ulio pungufu hulipwa kwa asilimia yake. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 aliyepimwa asilimia 20 anastahili 576,000. Asiyeridhika huweka pingamizi kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60, kisha hukata rufaa katika Mahakama ya Ajira. Ajali isiyoripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12 huzimika pamoja na haki yake.

Hapo ndipo wengi hukwama. Muuguzi huona haya kuandika kwamba amejidunga. Kibarua wa kaunti asiye na barua ya ajira huogopa kupoteza kazi. Msimamizi husema, "Pole, utapona," na daftari la ajali hubaki jeupe. Hata aliyeshinda hukuta kwamba sheria hairuhusu madalali kunadi mali ya serikali, kwa hiyo husubiri bajeti.

Hesabu nyingine inastahili kufikiriwa chini ya kilima hichohicho, mahali wakulima wa Sagalla wanaponing'iniza mizinga ya nyuki kuzuia ndovu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu anayeuawa na mnyama, awe tajiri au maskini. Kipimo cha WIBA hufuata mshahara: miezi 96 ya shilingi 30,000 ni milioni 2.88. Sheria moja inapima maisha, nyingine inapima hati ya mshahara. Tanzania ilichukua njia ya tatu: tangu mwaka 2015 waajiri wa umma na wa binafsi huchangia mfuko mmoja wa fidia, na majeruhi hulipwa na mfuko huo, hata kama kasma ya idara yake ni tupu. Kenya ina kila sababu ya kuujadili mfano huo, hasa kwa kaunti zinazodaiwa kila upande.

Hata hivyo, mfuko wowote utamlipa yule ambaye ajali yake imeandikwa. Wafanyakazi wa Tsavo walisikilizwa kwa sababu walikuwa na mkataba mkononi, na wabeba mizigo wa Maktau walipotea kwa sababu ya daftari bovu. Leo kuandika hakumngojei karani wa mkoloni. Mfanyakazi anaweza kutoa taarifa mwenyewe siku hiyohiyo na kubaki na nakala, na chama chake kinaweza kudai daftari la ajali lifunguliwe katika kila idara. Hilo halihitaji sheria mpya wala bajeti ya nyongeza.